UZI: Tairi na rimu za gari la zamani, tuanze na rimu kabla ya kwenda dukani

Wakuu, habari za jioni. Wenye magari ya zamani hapa Tanga huulizana swali moja mara kwa mara: "Saizi yangu ya tairi haipatikani, nifunge ipi badala yake?" Nimeona afadhali nilijibu kwa urefu mahali pamoja, kwa sababu majibu ya haraka tunayopewa kwenye maduka ya Ngamiani hufuata mzigo uliopo dukani kuliko gari lililosimama nje. Mfano wangu mkuu utakuwa Volkswagen Beetle, kwa kuwa ndilo gari ninalolimiliki. Wenye Land Rover, Benz na Kombi wataongeza ya kwao hapo chini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwenye gari la kisasa anaweza kuanza na tairi, lakini mwenye gari la zamani hana budi kuanza na rimu. Rimu ndiyo inayoamua upana wa tairi, ndiyo inayoamua kama tyubu itahitajika, na ndiyo inayoshikana na habu (kitovu kinachobeba gurudumu) ambayo imekaa kwenye gari kwa miaka hamsini au zaidi. Anayenunua tairi kwanza na kuitafutia rimu baadaye hujikuta anaongeza spesa (sahani ya kusukuma rimu nje), anakata madigadi na kubadilisha beringi, na kila hatua inagharimu zaidi ya ile iliyotangulia.

Tuanze na tundu za bolti. Beetle za hadi takriban mwaka 1967 zina tundu tano zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 205, na kuanzia modeli ya 1968 nyingi zina tundu nne kwenye duara la milimita 130. Magari madogo ya Toyota yaliyojaa mjini yana tundu nne kwenye duara la milimita 100, au tano kwenye duara la 100 au la 114.3. Kwa hiyo hakuna rimu ya Vitz wala ya Premio itakayokaa kwenye Beetle bila kutobolewa upya au kuwekewa adapta, na yote mawili siyashauri. Rimu iliyotobolewa upya hubaki na chuma chembamba kati ya tundu la zamani na jipya, mahali hasa panapobeba nguvu ya breki. Adapta nayo husukuma gurudumu nje, na badala ya kuwa na seti moja ya bolti za kuangalia unakuwa nazo mbili, moja ikiwa imefichwa nyuma ya nyingine.

Kupima ni kazi rahisi. Rimu yenye tundu nne hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Rimu yenye tundu tano haina tundu zinazotazamana, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 65.8 rimu ni ya 112, na ukipata 67.2 rimu ni ya 114.3. Tofauti hiyo ya milimita moja na ushee haionekani kwa futi kamba. Azima vernia (kipimo cha chuma cha milimita ndogo) kwa fundi mchongaji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Mercedes nyingi za zamani na Kombi za kuanzia modeli ya 1971 ni za 112, ilhali magari mengi ya Kijapani ni ya 114.3, na bolti hukubali kuingia kwa nguvu. Huingia kwa mshazari kidogo, hukazika, na anayefunga hupangusa mikono akiamini kazi imekwisha, kumbe bolti imegusa ukingo mmoja tu wa tundu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote, yaani umbo la sehemu ya chini ya kichwa cha bolti, ile inayokalia rimu. Bolti asilia za Volkswagen na Mercedes zimeviringwa mahali hapo, lakini rimu nyingi za sports zinazouzwa madukani zimechongwa kwa ajili ya bolti au nati iliyochongoka. Ukichanganya, eneo linalogusana huwa mstari mwembamba badala ya uso mzima. Kuna namna ya kulithibitisha bila kifaa chochote cha bei. Chukua grisi kidogo, ichanganye na masizi, paka chini ya kichwa cha bolti, kisha kaza mpaka rimu ishike na uifungue tena. Chungulia ndani ya tundu la rimu. Ukiona mkanda mweusi mpana uliozunguka tundu lote, bolti imekaa. Ukiona uzi mwembamba wa mduara, umbo halilingani. Ukiona weusi upande mmoja na chuma kikavu upande wa pili, kipimo cha duara ndicho kisicholingana, na rimu hiyo irudi ilikotoka.

Ukiwa hapohapo, hesabu mizunguko ya bolti kuanzia inapoanza kushika hadi inapokaza. Beetle za tundu tano hutumia bolti ya milimita 12 na za tundu nne hutumia ya milimita 14, na nyuzi za zote mbili zimeachana kwa milimita 1.5. Desturi ya ufundi ni kwamba bolti iingie angalau kwa kina kinacholingana na unene wake, yaani mizunguko minane kwa ile ya 12 na tisa na zaidi kwa ile ya 14. Rimu za alumini huwa nene kuliko za chuma, kwa hiyo bolti iliyotosha kwenye rimu ya chuma inaweza kuishia mizunguko minne au mitano kwenye ya alumini.

Sasa upana. Saizi ambayo kila duka la tairi linayo ni 195/65 R15 (upana wa milimita 195, ubavu wenye urefu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15), kwa sababu ya Toyota tulizonazo, na kwa kuwa Beetle nayo ni inchi 15, muuzaji atakwambia "ni ileile". Rimu asilia ya Beetle ina upana wa inchi 4 au 4.5, na tairi la 195/65 linahitaji rimu isiyopungua inchi 5.5. Likivalishwa kwenye rimu nyembamba, kingo zake hubanwa ndani na uso wake huvimba katikati, hivyo kashata (vinundu vya uso wa tairi) za katikati huisha huku za pembeni zikiwa bado mpya, na kwenye kona ubavu wa tairi huyumba kabla gari halijafuata usukani. Tairi linaloifaa rimu hiyo ni 165/80 R15, ambalo kwenye magari mengine limeandikwa kwa mtindo wa zamani 165 SR 15, au 155/80 R15 kwa anayetaka usukani mwepesi zaidi. Namba ya mzigo ya 87 inabeba kilo 545 kwa kila tairi, na herufi ya kasi S ni kilomita 180 kwa saa. Beetle asilia haifikii hata 140, kwa hiyo usikubali kulipia zaidi kwa ajili ya herufi H au V.

Najua wembamba hauvutii macho. Lakini gari hili halina usukani wa kusaidiwa, na kila milimita unayoongeza upande wa nje inaongeza nguvu ya kuukunja usukani, mzigo kwenye beringi za mbele na uwezekano wa tairi kusugua madigadi unapopita kwenye tuta ukiwa na abiria nyuma.

Kuhusu muundo wa tairi, Beetle nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 5.60-15, ambalo nyuzi zake za ndani hupishana kwa mshazari. Michelin walisajili hataza ya tairi la radial, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, mwaka 1946 na kuanza kuliuza mwaka 1949, na siku hizi karibu kila tairi la gari dogo ni la aina hiyo, linalotambulika kwa herufi R iliyo katikati ya namba. Aina hizi mbili hukunjamana tofauti kwenye kona, kwa hiyo zisichanganywe kwenye ekseli moja kwa hali yoyote. Ikiwa mtu analazimika kwa muda kuwa na mbili za kila aina, radial zikae nyuma. Zikikaa mbele, mbele hushika kuliko nyuma, na gari lenye injini nyuma linapoanza kuteleza upande huo si rahisi kulirudisha.

Upepo nao una hesabu yake. Kwenye Beetle takriban asilimia 60 ya uzito iko nyuma, ndiyo maana kiwanda kiliagiza psi 16 hadi 18 mbele na 24 hadi 27 nyuma. Ukimwachia mjaza upepo bila maelekezo atakujazia 35 kote, kwa nia njema kabisa, na ukitoka hapo ukashika barabara ya Horohoro upepo wa bahari ukikupiga ubavuni utadhani stelingi imelegea. Kabla ya kubadilisha vipuri vya stelingi, pima upepo.

Mwisho ni umri. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho wake ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hili si jambo la kuchekesha, kwani matairi ya akiba ya namna hiyo bado yamo chini ya boneti za magari yetu. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisizidi miaka 10 hata kama kashata zimejaa. Kwa jua la pwani na gari linaloshinda limesimama, mimi naanza kulitilia shaka likifika miaka sita. Likunje kwa kidole gumba kwenye shina la kashata: nyufa ndogo zikifunguka, liondoe. Tahadhari hii iwe kali zaidi kwa matairi ya mtumba, ambayo hung'arishwa kwa rangi nyeusi na kuonekana ya jana.

Karibuni kwa nyongeza na masahihisho.

*

Mdau wa Pongwe: Ahsante kwa uzi, mkuu, lakini kwenye upana sikubaliani nawe. Beetle yangu ina rimu za inchi 5.5 za tundu nne, nilizozipata zikiwa zimetengenezwa mahususi kwa Volkswagen, na nimefunga 195/60 R15. Gari limetulia, halisugui, na kona za Lushoto linapanda vizuri kuliko lilivyokuwa. Kwa nini tuambiwe kwamba wembamba ndiyo sahihi?

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, wewe umeanza na rimu, na hilo ndilo nililoliomba. Rimu yako ni ya duara la 130, upana wake unalikubali tairi ulilofunga, na kwa kuwa halisugui, kina chake (umbali kati ya uso unaokalia habu na katikati ya upana wa rimu) kinaonekana kuwa sahihi. Yamebaki mambo mawili tu. Tairi la 165/80 R15 lina kipenyo cha takriban milimita 645, la kwako lina takriban 615. Waya wa spidomita ya Beetle huzungushwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo mshale ukisoma 84 wewe unakwenda 80. Si hatari, ila usilaumu kifaa. Pia gari limeshuka sentimita moja na nusu, na injini huzunguka zaidi kwa kila kilomita, jambo linaloongeza joto kwenye injini inayopozwa kwa hewa. Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto mchana, hilo ningelifikiria kuliko kona. Ukipenda kubaki na rimu hizo, jaribu 185/65 R15, ambalo kipenyo chake ni karibu milimita 621 na linakubali rimu ya inchi 5.5 bila shida.

Mdau wa Muheza: Mzee wangu, shikamoo. Nina Land Rover ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, iliyokuwa ikifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Inatumia 7.50-16. Fundi tairi ananishawishi niondoe tyubu kwa maelezo kwamba tairi jipya lisilo na tyubu halipati pancha za mara kwa mara. Je, nimsikilize?

Mwanzisha uzi: Marahaba, kijana wangu. Usiondoe tyubu kabla hujaitazama rimu kwa ndani. Rimu nyingi za Land Rover za miaka hiyo zimeunganishwa kwa riveti, yaani sahani ya katikati imepigiliwa kwenye mduara wa nje, na hewa hupita kwenye riveti hizo taratibu. Zaidi ya hapo, rimu za zamani hazina lile tuta dogo la ndani linalozuia ukingo wa tairi kuteleza upepo unapopungua. Bila tyubu, tairi linaweza kuachia rimu kwenye kona. Wakati rimu iko wazi, angalia kama kuna michirizi ya kutu inayoanzia kwenye vichwa vya riveti na kutawanyika nje. Michirizi hiyo inaonyesha kwamba riveti imelegea na inacheza, na rimu ya hivyo haichomelewi, hutupwa.

Habari njema ni kwamba saizi yako bado ipo tele, kwa kuwa Land Cruiser za mkonga na malori madogo huitumia. Ukinunua, soma idadi ya plai (kipimo cha tabaka za nyuzi za tairi). Tairi la lori lenye plai 14 au 16 litabeba gari lako bila kujikunja hata kidogo, na springi zako za majani hazitaisaidia mifupa yako. Plai 8 zinatosha. Mwambie fundi abandue karatasi na vibandiko vyote vilivyomo ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu, kwa sababu ukingo wa kibandiko husugua tyubu mpaka itoboke. Ahakikishe pia kwamba shina la valvu linalingana na tundu la rimu, maana tyubu za malori zina mashina ya chuma yaliyokunjwa kwa ajili ya rimu za namna nyingine.

Mdau wa Raskazone: Nashukuru kwa elimu hii. Mimi nina Mercedes W123 yenye rimu za inchi 14. Tairi za 195/70 R14 zinazidi kuadimika, na nimeuziwa wazo la rimu za inchi 15 kutoka W124 ili nifunge 195/65 R15. Zote ni Benz, zote ni 112. Kuna tatizo?

Mwanzisha uzi: Tundu zinalingana na kipenyo cha tairi kinalingana, milimita 629 kwa 635, kwa hiyo wazo lenyewe si baya. Tatizo liko kwenye kina cha rimu, yaani umbali kati ya uso unaokalia habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Kwenye rimu za W123 kina hicho ni takriban milimita 30, nacho huandikwa ET30 kwenye chuma chenyewe. Rimu za W124 ni karibu ET49. Maana yake gurudumu zima litaingia ndani kwa karibu sentimita 2, na ikiwa rimu ni ya inchi 6.5, ukingo wake wa ndani utasogea zaidi kidogo. Muombe muuzaji akuazime moja, ifunge mbele, shusha jeki ili gari likae kwa uzito wake, kisha kunja usukani mpaka mwisho kila upande na upitishe kidole kati ya ukingo wa rimu na mikono ya stelingi. Kidole kisipopita kwa raha, usinunue. Bolti zitoke kwenye rimu hizohizo, usitumie za rimu zako za chuma.

Nyongeza kwa sisi sote wa karibu na bahari: kutu ya rimu huanzia pale ukingo wa tairi unapokaa, na dalili yake ya kwanza ni tairi linalopungua upepo kila wiki bila kuwa na pancha. Tairi likiwa limetolewa, ukingo huo usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, upakwe rangi nyembamba, ikauke ndipo tairi lirudi. Mafundi wengi hupaka gundi juu ya kutu. Hudumu kwa muda, kisha tairi linarudia palepale.

Mdau wa Muheza: Nimefungua rimu mbili leo, mzee. Moja ina michirizi ile uliyoieleza, kwenye riveti tatu. Nimeiweka pembeni. Rimu za Land Rover Defender zitaingia?

Mwanzisha uzi: Zitaingia, kijana wangu. Series na Defender zina tundu tano kwenye duara lilelile la milimita 165.1. Chagua za chuma, na ulinganishe kina chake na cha rimu zako kabla ya kulipa. Ukishazifunga, kaza nati kwa kuruka moja kila mara, kwa umbo la nyota, badala ya kuzunguka kwa mfululizo, kisha zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu rangi mpya chini ya nati hujibana na kuiacha imelegea.

Mdau wa Pangani: Wakuu, nami nina Kombi ya 1974 ninayobebea watalii wachache. Duka limenipa 185/65 R14 kwa bei nzuri, na rimu imeikubali. Naomba ushauri kabla sijaingia barabarani.

Mwanzisha uzi: Usiingie nazo, ndugu yangu. Tairi hilo ni la gari dogo. Namba yake ya mzigo kwa kawaida ni 86, yaani kilo 530, na bado ni fupi kuliko linalotakiwa. Kombi yako inahitaji 185 R14C. Herufi C iliyo mwishoni ni ya magari ya mizigo, na namba yake ya mzigo huwa 102, yaani kilo 850 kwa tairi. Hesabu gari lenyewe, abiria wanane na mizigo yao, huku injini ikiwa imeelemea nyuma, utaona kwamba tairi la kilo 530 linafanyishwa kazi isiyo yake, na tairi lililoelemewa huchemka kwa ndani kabla halijaonyesha dalili kwa nje. Ukikosa 185 R14C, uliza 195 R14C na uangalie nafasi kwenye madigadi ya nyuma. Upepo uwe takriban psi 30 mbele na 40 nyuma, na upimwe asubuhi kabla gari halijatembea.